Kutoka Kashozi hadi Krypton: majina ya Kiebrania katika riwaya za sayansi

Mikaeli, Danieli, Samweli, Ezekieli: majina haya utayasikia Buganguzi, wilayani Muleba, yakifuatwa na Mugisha au Rwegasira. Yalienea Buhaya baada ya Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki, kufungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Walutheri nao walikuja na yao. Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani (1977–1984), alibeba jina la mfalme wa Yuda.

Wahaya waliyapokea bila taabu, maana kwao jina husema jambo. Mugisha ni baraka. Kokushubira ni tumaini. Kiebrania hufanya vivyo hivyo: Danieli ni "Mungu ndiye mwamuzi wangu", na ile "eli" ya mwisho ndiyo Mungu.

Silabi hiyo ilifika hadi sayari ya Krypton. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa familia za Wayahudi waliohamia Amerika Kaskazini, walimtoa Superman, shujaa wa vibonzo aliyezaliwa Krypton. Jina lake la kuzaliwa liliandikwa kwanza Kal-L, baadaye Kal-El, na baba yake akawa Jor-El. Maana ya "Kal" inabishaniwa hadi leo, lakini "El" hata mtoto wa mafundisho ya komunyo anaweza kuitambua.

Aliyechimba kwa kina zaidi ni Frank Herbert katika riwaya yake Dune (1965). Mkombozi anayesubiriwa humo huitwa Kwisatz Haderach, kutokana na kefitzat haderech, yaani kufupishwa kwa njia. Asili yake ni masimulizi ya Kiyahudi yaliyojengwa juu ya Mwanzo 24. Mtumishi wa Abrahamu, aliyetumwa Mesopotamia kumtafutia Isaka mke, anasema amefika kisimani leo. Marabi walilishikilia neno hilo: kama amefika leo, basi na kuondoka aliondoka leo, na ardhi ilijikunja chini ya miguu yake. Wazo la kusafiri masafa makubwa kwa mara moja lilikuwa limeshafikiriwa karne nyingi kabla ya roketi, na Herbert akalichukua jina lake.

Golem nayo imo katika Zaburi 139:16, ikimaanisha umbo ambalo halijakamilika. Hekaya za Praha zikaifanya mtu wa udongo aliyehuishwa na rabi. Mwaka huohuo wa 1965 kompyuta ya Taasisi ya Weizmann, mjini Rehovot, ikaitwa Golem Aleph, jina lililopendekezwa na mwanazuoni Gershom Scholem. Katika filamu ya The Matrix (1999), mji wa mwisho wa wanadamu ni Zion, Sayuni ileile ya nyimbo zetu za kanisani.

Waandishi wetu nao wamechota kwenye kisima hiki cha majina. William Mkufya alimpa Ziraili nafasi katika riwaya yake Ziraili na Zirani (1999), na jina la malaika huyo wa mauti lina mzizi uleule wa "eli", uliofika pwani kupitia Kiarabu. Bado natamani riwaya ya angani kutoka Kagera, ambamo Ezekieli na magurudumu yake wanakutana na miungu ya jadi ya Wahaya: Mugasha, mwenye ziwa, na Wamara. Huko Kemondo, mkoani humo, wahunzi waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwandishi wa Muleba anaweza kuanzia hapo, kwenye tanuri.