Kifuko Kisichochomwa Ovyo

Mtu akivimba pajani pasipo maumivu, jirani husema: ni jipu hilo, leteni wembe. Kumbe pengine ndani hamna usaha, bali kifuko chenye maji safi kama ya chemchemi. Historia ya ugonjwa huu yatufundisha jambo moja: tambua kwanza, ndipo utibu.

Waganga wa Wayunani wa kale walikwisha kuona vifuko hivyo, lakini asili yake hawakuijua. Mwaka 1853 Mjerumani von Siebold alitangaza kwamba aliwalisha mbwa vifuko vya wanyama, na matumboni mwao akakuta tegu wadogo sana, wa milimita chache tu. Basi ikajulikana: mbwa hula mapafu au maini ya kondoo mgonjwa, mayai ya tegu hutoka katika mavi yake, mtu huyameza kwa mikono michafu, mboga au maji. Kijidudu kitokacho katika yai huchukuliwa na damu mpaka ini, au mapafu, na mara chache misuli. Huko kifuko hukua polepole miaka mingi.

Mwaka 1901 Mfaransa Félix Dévé alionyesha hatari ya kukipasua ovyo: maji yakimwagika mwilini, mbegu zilizomo huota vifuko vipya. Tena mwili huweza kuyakataa maji hayo kwa nguvu, mgonjwa akafa ghafula.

Ndiyo maana madaktari walitafuta njia ya kuona pasipo kuchoma. Baada ya Röntgen kugundua eksirei mwaka 1895, kifuko cha pafu kiliweza kuonekana pichani, mviringo kama mwezi mpevu. Mwaka 1911 Mwitalia Casoni alijaribu kuingiza maji kidogo ya kifuko katika ngozi, atazame kama itavimba. Lakini jaribio hilo lilidanganya mara nyingi, likaachwa. Kwa misuli, ultrasaundi husaidia kuliko eksirei. Katika miaka ya 1980 madaktari waliipeleka mpaka makambini mwa Waturkana wa Kenya, ambao ugonjwa huu uliwasumbua sana. Damu nayo hupimwa. Lakini isipoonyesha kitu, tusiseme upesi kwamba ugonjwa haupo.

Na matibabu? Kifuko cha misuli hutolewa kizima pamoja na ukuta wake. Cha pafu hupasuliwa kwa uangalifu, huku vitambaa vyenye maji ya chumvi vikizuia mbegu zisienee. Vidonge vya albendazoli husaidia, lakini vikitangulia upasuaji huweza kukipasua kifuko kikubwa humo humo pafuni. Kwa hiyo daktari ndiye apangaye wakati wake.

Sisi nasi tuna kazi yetu. Mbwa asitupiwe mapafu wala maini mabichi ya mnyama aliyechinjwa. Watoto wanawe mikono wakiisha kucheza naye. Na uvimbe usiojulikana upelekwe hospitali; wembe ubaki mahali pake.