Ukuta wa Udongo na Kanuni ya Mwaka 1979

Wanafunzi wangu wengi huamini kwamba elimu ya kukadiria jinsi kemikali zinavyonata kwenye udongo ilizaliwa katika maabara za Marekani, ikatufikia ikiwa imekwisha kukamilika. Vitabu vyao ndivyo vinavyosimulia. Lakini sura yake mojawapo ya mwanzo inahusu kuta za nyumba za Waafrika, na mtumishi wa umma anayesaini kibali cha kiuatilifu leo anapaswa kuijua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watawala wa kikoloni waliweka matumaini makubwa katika DDT. Paul Müller alikuwa amegundua nguvu yake ya kuua wadudu mwaka 1939, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Hoja ilikuwa nyepesi: puliza ukuta mara moja, na mbu atakayetua juu yake atakufa, hata baada ya miezi. Juu ya mbao ahadi hiyo ilitimia vizuri. Juu ya ukuta wa udongo, hasa udongo mwekundu wenye chuma nyingi, dawa ilipoteza makali upesi. A. B. Hadaway na F. Barlow, watafiti wa Porton, Uingereza, walieleza katika jarida la Nature mwaka 1951 kwamba udongo mkavu ulikuwa ukiinyonya. Dawa ilikuwa mle mle ukutani, ila mguu wa mbu haukuifikia. Mwaka 1956 wakaonyesha jambo linalonivutia zaidi: hewa ikiwa na unyevu mwingi, sumu hiyo hupata tena nguvu, kwa kuwa maji hugombea nafasi zile zile katika chembe za udongo.

Miaka 23 baadaye ikaja kanuni wanayoikariri wanafunzi wangu. Mwaka 1979 Samuel Karickhoff na wenzake, wakitumia mashapo ya Marekani, walionyesha kwamba kemikali isiyopenda maji hunasa kwa kadiri ya kaboni ya mboji iliyomo. Na kwamba kiasi cha kunasa kinaweza kukadiriwa kwa kuangalia jinsi kemikali hiyo inavyojigawa kati ya maji na oktanoli, kimiminika kinachofanana na mafuta. Mwaka huo huo Cary Chiou na wenzake walifikia wazo la namna hiyo. DDT huchagua oktanoli kuliko maji kwa zaidi ya mara milioni moja.

Kanuni hiyo si ya kubezwa. Inatusaidia kuielewa Vikuge, karibu na Kibaha, ambako takriban tani 170 za viuatilifu, vingi vikiwa vimepitwa na wakati, zilifika kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986. (Msaada!) Ghala lilibomoka, na miaka mingi baadaye watafiti walikuta DDT bado imejaa katika udongo wa pale.

Wasiwasi wangu unaanzia tunapoihamishia kanuni hiyo Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, bila kuuliza inahusu kemikali gani. Mkulima wa mahindi au kahawa wa leo hapulizi DDT. Akitumia kiuagugu cha glifosati, kanuni ya mboji itamdanganya: glifosati huyeyuka sana katika maji, hivyo hesabu itasema haitanata, ilhali hushikwa kwa nguvu na oksidi za chuma na alumini, vitu ambavyo udongo mwekundu umejaliwa. Kisha mvua ikiporomosha udongo huo mteremkoni, chembe hubeba mzigo wake hadi Mto Songwe, ule unaotutenga na Malawi na kuingia Ziwa Nyasa, si ule mwingine uendao Rukwa. Wapo watu wanaochota maji huko, pande zote mbili za mpaka.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina uwezo wa kudai takwimu kabla ya kusajili kiuatilifu. Ninachokitaka ni kwamba idai pia takwimu za udongo wa nyanda hizi. Kipimo chenyewe hakina maajabu: udongo uliopimwa mizani, maji yenye kemikali ya kiasi kinachojulikana, kutikisa kwa siku moja, kisha kupima kilichobaki majini.