Nani Amelengwa Katika "Kundi Lengwa"?

Barua ya watafiti wa afya ikimfikia mtendaji wa kijiji wilayani Chemba, Dodoma, mara nyingi huwa na sentensi ya namna hii: tunaomba utuandalie washiriki wanane kwa ajili ya majadiliano ya kundi lengwa. Mtendaji anaisoma, anampigia simu mwenyekiti wa kitongoji, na kabla jua halijazama habari imeshasambaa kwamba kuna walengwa wanatafutwa. Hapo kazi imeshaharibika nusu. Kwa mwanakijiji wa Tanzania mlengwa ni mtu anayejulikana. Ni yule aliyeandikishwa na TASAF katika mpango wa kunusuru kaya maskini, anayekwenda kupokea ruzuku siku ya malipo. Aliyeitwa kwenye kundi lengwa ana kila sababu ya kuuliza ni shilingi ngapi, na ambaye hakuitwa ana kila sababu ya kuuliza jina lake limekatwa na nani.

Kiingereza husema "focus group". Kwa Kiswahili tumeandika kundi lengwa, kikundi lengwa, kikundi cha majadiliano, mahojiano ya kikundi, na watafiti wenyewe wakiwa njiani kwenda vijijini husema "efujidii", yaani FGD (focus group discussion), basi, wakaelewana. Lililozoeleka zaidi kwenye ripoti ni kundi lengwa, na kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote. Neno "lengwa" lina ajira yake tangu zamani. Wanafunzi wa tafsiri wana lugha lengwa na matini lengwa, watu wa matangazo wana hadhira lengwa. Popote linapotumika, kilicholengwa ndiko mshale unakokwenda. Katika mbinu hii mshale hauendi kwa watu hata kidogo.

Asili ya jina inalionyesha hilo vizuri. Jioni moja ya Novemba 1941, jijini New York, mwanasosholojia Paul Lazarsfeld alimwalika mwenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, Robert Merton, waje kula chakula cha jioni na wake zao. Merton alipofika aliambiwa asivue koti lake: kuna kazi ya serikali imeingia ghafla, twende studio ya redio. Chakula wakaachiwa wake zao. Huko studio kulikuwa na wasikilizaji wachache waliokaa mbele ya vitufe. Kinachowaudhi kipindini wanabonyeza chekundu, kinachowapendeza wanabonyeza cha kijani. Kipindi kilipokwisha, mhoji akawauliza kwa nini walibonyeza pale walipobonyeza. Merton, aliyekuwa pembeni, akaanza kumwandikia Lazarsfeld vikaratasi: mhoji wenu anawalisha watu majibu, na wakisema jambo la maana halifuatilii. Kutokana na manung'uniko hayo ikazaliwa makala ya mwaka 1946 aliyoiandika na Patricia Kendall, kisha kitabu cha 1956 ambacho Marjorie Fiske naye alishiriki. Walichokiita "focused" kilikuwa mahojiano. Yalielekezwa kwenye kitu kimoja ambacho kila aliyekuwamo chumbani alikuwa amekisikia kwa masikio yake. Watu wenyewe wangeweza kuwa mtu yeyote aliyesikiliza kipindi.

Baadaye watu wa masoko waliichukua mbinu hiyo wakaitumia kwa bidhaa zao, na miaka ya 1980 watafiti wa uzazi wa mpango, kisha wa UKIMWI, wakaileta kwenye afya. Mwaka 1995 Jenny Kitzinger aliwaeleza madaktari wa Uingereza, kupitia jarida lao la BMJ, jambo ambalo wengi hawajalishika hadi leo: thamani ya mbinu hii iko kwenye yale ambayo washiriki wanaambiana wao kwa wao. Ukiwakusanya watu wanane na kuwauliza mmoja mmoja kwa zamu, umefanya mahojiano manane kwa haraka na kwa kelele, hukufanya mjadala.

Turudi Chemba, maana hapa kuna jambo ambalo dodoso peke yake halilifikii. Wilaya hii ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Ni nchi ya mtama, uwele, mahindi, karanga na ufuta, yenye mvua za kubahatisha. Mwaka 2016 watu wa Chemba na Kondoa, na wengine wa upande wa Manyara, walianza kuugua: macho ya manjano, kutapika, tumbo kuvimba. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 68, na kati yao 20 walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus kwenye nafaka na karanga, hasa zikipata ukame shambani na unyevu ghalani. Kupika hakuimalizi.

Sumukuvu, kwa njia, ni istilahi iliyoundwa kwa akili. Ni sumu, na ni ya kuvu. Mtu hahitaji semina ili aanze kuielewa. Kasoro yake ni ndogo tu: inamfanya mtu aamini kwamba asipoona kuvu hakuna sumu, kumbe punje inaweza kuonekana safi na ikawa nayo.

Sasa dodoso likiuliza, "Je, unachambua karanga kabla ya kuzitumia?", mama wa Chemba atajibu ndiyo, na atakuwa amesema kweli. Karani ataweka alama ya vema, na ripoti itasema uelewa ni mzuri. Waweke akina mama wanane chini ya mti, wanaolingana umri, na swali liwe moja: karanga zikishavunwa zinapitia wapi mpaka zifike chunguni? Tuseme wa kwanza anajibu, "Tunachambua, zilizoharibika tunatupa." Jirani yake anacheka. "Tunatupa? Wewe mwenzetu ulizitupa lini? Nzuri zimeuzwa, hizo zilizosinyaa ndizo za kutwanga tukatie kwenye mlenda." Mwingine, ambaye hakuwa amefungua mdomo, anaongeza kwamba mwaka wa njaa hata kuku hapewi hizo. Mwendesha mjadala hajasema neno. Anachotakiwa kufanya ni kunyamaza kidogo zaidi, kisha aulize: "Na uchambuzi huo, anayeamua zipi za kuuza ni nani?"

Nimetunga mazungumzo hayo kwa mfano, lakini jambo lenyewe wanalijua wanaoshughulika na sumukuvu popote: kuchambua kunaweza kuisukuma sumu kutoka kwenye gunia la soko kwenda kwenye chungu cha nyumbani. Wizara au shirika likija na kampeni ya "chambua karanga zako" bila kujua zilizochambuliwa zinakwenda wapi, litakuwa limesafisha mzigo wa mnunuzi wa mjini na kuwaachia watoto wa mkulima makapi. Kicheko cha yule jirani ndicho kilichofichua njia hiyo, na kicheko hakina kisanduku kwenye dodoso.

Tanzania ina ushahidi wa zamani wa faida ya kusikiliza namna hii. Miaka ya 1990 huko Bagamoyo, Peter Winch na wenzake walichunguza majina ambayo watu wanaipa homa. Madaktari walikuwa na malaria na malaria kali. Wananchi walikuwa na homa ya malaria, inayotibika hospitali, na degedege, ambayo kwao ilikuwa ugonjwa mwingine kabisa wenye mganga wake. Tena kulikuwa na hofu kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo tangazo la redio lililosema "malaria inaua, wahi hospitali" lilimpita mzazi ambaye mwanawe ametupwa na degedege usiku ule. Halikuwa linazungumza naye. Ujumbe ulipaswa kuitaja degedege kwa jina lake.

Karibu zaidi na Chemba, katika mkoa huohuo wa Dodoma, kuna Kongwa na vikope, yaani trakoma, ugonjwa wa macho unaosambaa zaidi kwa watoto wenye nyuso chafu. Watafiti waliofanya kazi huko na Sheila West wa Johns Hopkins walikuwa na ushauri mwepesi, mnawishe mtoto uso, na jibu walilopata lilikuwa jepesi vilevile: maji yako mbali. Walipokaa na wanavijiji wakazungumza kwa kina, ilibainika kwamba watu walikuwa wakikadiria maji ya kunawisha uso mmoja kuwa mengi kupita kiasi, na kwamba matumizi ya maji nyumbani si uamuzi wa mama peke yake. Mambo mawili, moja la kipimo na moja la mamlaka. La kipimo lilitatuliwa kwa kuonyesha kwa vitendo jinsi maji machache yanavyotosha. La mamlaka lilihitaji mikutano ya vitongoji na wanaume waingizwe. Majaribio ya vijiji sita yaliyochapishwa katika Lancet mwaka 1995 yalionyesha kwamba pale dawa ya macho ilipoambatana na juhudi hizo za kunawisha, nyuso safi ziliongezeka na vikope vikali vikapungua kuliko palipotolewa dawa peke yake.

Lakini mikutano ile ya Kongwa ilikuwa na kazi ya kushawishi, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Mtu aliyekuja na jibu mfukoni asijiite mwendesha mjadala. Ndiyo maana silipendi pia neno "mwezeshaji" kwa kazi hii. Mwezeshaji tunamjua: ana chati ya ukutani na kalamu nene, na mwishoni anauliza "tumeelewana?" Mbele yake watu hujibu kama wanafunzi. Mjadala ukigeuka somo la sumukuvu, yule jirani hatacheka tena. Atasema anatupa.

Kuna pia suala la nani akae na nani. Vitabu vinasema watu sita hadi kumi na wawili, na saa moja hadi moja na nusu inatosha. Havisemi kwamba mkaza mwana hawezi kumpinga mama mkwe wake mbele za watu, wala kwamba mwenyekiti wa kitongoji akikaa hata kwa mbali "kusalimia tu", mazungumzo yanageuka kikao. Kijiji kina mkutano mkuu wake, na watu wanajua desturi zake: unanyoosha mkono, unaongea kwa niaba, mwisho linapitishwa azimio. Hapa hakuna azimio. Mtu anaruhusiwa kubadili mawazo katikati, na kubadili huko ni data. Kwa sababu hiyo hiyo, ripoti inayosema "asilimia 75 ya washiriki walikubali" wakati washiriki walikuwa wanane, sita wakatikisa kichwa, imevaa kofia isiyo yake. Merton mwenyewe, akiandika mwaka 1987, alilalamika kwamba mbinu aliyoiona kama chimbuko la mawazo ya kwenda kupimwa kwa utafiti mpana watu wameigeuza kuwa kipimo chenyewe. Na mambo ya siri, kama hali ya VVU au kipigo cha nyumbani, yasiletwe kundini: fomu ya ridhaa inaweza kuahidi usiri wa mtafiti, haiwezi kufunga midomo ya majirani saba.

Basi tuiite nini? Mimi naandika "mjadala mahususi wa kikundi". Sifa inakaa kwenye mjadala, mahali pale Merton alipoiweka, na kikundi kinabaki kikundi bila kuandikishwa popote. Ukitaka kulibakiza neno la zamani, "mjadala lengwa wa kikundi" unavumilika, ingawa nina wasiwasi sikio la kijijini litanasa "lengwa" na kuacha mengine. Haya yote ni ya kwenye karatasi. Barua kwa mtendaji haihitaji istilahi yoyote. Iseme tunaomba akina mama wanane wanaopika majumbani mwao, wasio viongozi, wasio wa ukoo mmoja, tuzungumze habari za kuhifadhi nafaka na karanga. Hakuna kuandikisha, nauli itarudishwa. Mtendaji akiisoma hivyo, hana orodha ya kutafuta.

Linalobaki ni gumu zaidi kuliko jina. Chemba ni wilaya ya Warangi, Waburunge, Wasandawe na wafugaji wa Kibarbaig. Ukienda Kwa Mtoro au Farkwa, bibi atakusalimu kwa Kiswahili safi, kisha yakija mambo ya tumbo la mjukuu atahamia Kisandawe, lugha yenye vidoko ambayo kinasa sauti kinaipokea vizuri na mnakili wa kutoka Dodoma mjini haipokei kabisa. Mtu mmoja anaitafsiri kwa Kiswahili, mwingine anaipeleka Kiingereza, na msomaji wa jarida anakutana na neno "jaundice" lililotolewa na bibi ambaye pengine alikuwa anazungumzia kitu kingine kabisa, wala si rangi ya macho. Dawa yake inajulikana: jedwali la safu tatu, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, Kiswahili, kisha Kiingereza, na mnakili awe mzaliwa wa hapo anayelipwa sawa na wengine. Gharama yake ni siku chache za ziada na kurasa kadhaa, na ripoti ikizidi urefu, safu ya kwanza ndiyo huwa ya kwanza kufutwa.