Neno la Kichina "Tui" na Ng'ombe wa Mfalme

Neno la Kichina "tui" asili yake ni kusukuma. Wanafikra wa karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Kristo walilitumia pia kwa maana ya kulipeleka lililokwisha kubaliwa hata likafike kwa linalofuata.

Mengzi alilitumia mbele ya Xuan, mfalme wa Qi. Mfalme huyo alikuwa amemwona ng'ombe akipelekwa kuchinjwa, damu yake itumike kuitakasa kengele mpya. Alipomwona anatetemeka, aliamuru aachwe, achinjwe kondoo badala yake. Raia wakamdhania bahili. Mengzi alimtetea: ng'ombe alimwona, kondoo hakumwona. Kisha akaisukuma hoja: ikiwa huruma yamfikia mnyama, yawaje isiwafikie watu? Basi si kwamba mfalme hawezi kuwatendea wema raia zake, hataki.

Tokeo hilo lilikuwa dhahiri, wala mfalme hakulikanusha. Lakini yapata mwaka 314 majeshi yake yaliivamia nchi ya Yan, na baadaye Mengzi akaondoka Qi.

Hata leo Wachina huita kuhitimisha kwa hoja "tuili", na kusukuma kungalimo ndani yake. Hoja husukumika mpaka mwisho wake. Moyo wa mtawala hausukumiki.