Kutoka Mulago hadi Farsta: Maradhi ya Tezi na Kamera Inayoyaona



Sisi tunaokaa Farsta tunapita kila siku mbele ya maduka ya Centrum yaliyofunguliwa mwaka 1960, na wakati wa baridi tunaegemea mabomba ya joto bila kujiuliza joto lile linatoka wapi. Wachache kati yetu wanajua kwamba kuanzia mwaka 1964 hadi 1974 nyumba za hapa zilipashwa moto na atomiki. Katika pango lililochimbwa ndani ya mwamba wa Ågesta, kilomita chache tu kutoka hapa, palikuwa na mtambo wa nyuklia, wa kwanza nchini Sweden kuuza umeme na joto kwa raia. Maji ya moto yalisafiri kwa mabomba mpaka Farsta, watu wakaoga, wakakausha soksi zao, wakalala.

Tunaanza na habari hii kwa sababu ya mzee mmoja wa kwetu, mtu wa Tanga, ambaye alitukataza kutaja jina lake lakini akaturuhusu kusimulia kisa chake. Alikuwa na mtoki shingoni, na mwingine kwapani. Alikaa nao miezi minane akiufunika kwa skafu, akisema ni baridi ya Ulaya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Binti yake ndiye aliyemwona siku moja bila skafu. Kikakatwa kinyama, kikapimwa, ikaonekana ni limfoma ya seli B kubwa iliyoenea, yaani saratani ya zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Kisha wakamwambia kabla ya dawa lazima apigwe picha iitwayo PET, na kwamba atadungwa sindano yenye mionzi.

Hapo mzee akagoma. Tulipokwenda kumsalimia, baada ya shikamoo na marahaba, alituuliza: "Wanangu, nyinyi ndio mliosomea mitambo. Hawa watu wanataka kunitia atomiki ndani ya damu. Na ugonjwa wenyewe ni wa Wazungu. Kwa nini nikubali?"

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Tuanze na la pili, maana jibu lake lilimshangaza kuliko la kwanza.

Mtoto wa Mulago

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji mmoja kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt aje amtazame mtoto wa miaka mitano. Mtoto yule alikuwa amevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt, ambaye alikuwa na jicho moja tu tangu utotoni, hakuwahi kuona kitu kama kile. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akachungulia dirishani, akamwona msichana mdogo amekaa nje na mama yake, uso wake umevimba vilevile. Alipompima akakuta na tumboni mna uvimbe. Akaanza kufukua majalada ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha habari zake katika jarida la wapasuaji la Uingereza.

Hakuishia hapo. Mwezi Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakatoka Kampala kwenda kusini mpaka Afrika Kusini. Safari ilichukua wiki kumi na maili kama 10,000, sawa na kilomita 16,000. Kila hospitali waliyofika walionyesha picha na kuuliza: je, mmewaona watoto wa namna hii? Walirudi na ramani. Ugonjwa ulikuwa mwingi mahali penye joto na mvua, na nadra kwenye nyanda za juu zenye ubaridi. Ramani ile ilifanana mno na ramani ya mbu, na ndiyo iliyowafikisha wataalamu kwenye malaria, ambayo hudhoofisha ulinzi wa mwili wa mtoto mwaka baada ya mwaka.

Mwezi Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwemo Anthony Epstein. Kampala ikaanza kumpelekea vipande vya uvimbe kwa ndege. Mwaka 1964, mwaka ule ule Farsta ilipoanza kupashwa moto na Ågesta, Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli hizo. Kikawa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Na mwaka 1967 pale Mulago kikaanzishwa kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho mzazi wa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Daudi wa Stockholm

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu sisi wa mji huu. Katika miaka hiyo ya 1960, daktari Peter Clifford wa Nairobi alikuwa akiwatibu wagonjwa wa aina hiyo hiyo, na vipande vya uvimbe wao vilisafirishwa mpaka Taasisi ya Karolinska hapa Stockholm. Waliovipokea walikuwa George Klein na mkewe Eva, Wayahudi wa Hungaria waliohamia Sweden mwaka 1947 baada ya kunusurika na vita. Nao walikuwa wageni kama sisi, walioanza kujifunza Kiswidi wakiwa watu wazima.

Mwaka 1967 waliotesha maabarani seli za kijana wa Kenya wa miaka 16. Seli zile hazikufa. Zikagawanyika na kugawanyika tena, zikapelekwa kila pembe ya dunia, na mpaka leo zinauzwa kwa maabara za utafiti. Jina lake ni Daudi. Mtafiti wa Tokyo au Chicago anayeandika neno hilo kwenye kichupa huenda hajui kwamba ni jina la mtu, wala kwamba ni jina ambalo kwetu huitwa kila mtaa.

Habari za seli za wagonjwa wetu haziishii hapo. Mwaka 1972 Manolov na Manolova, wakifanya kazi Sweden, waliona kwamba katika uvimbe wa Burkitt kromosomu ya 14 ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 Lore Zech wa Karolinska na wenzake wakaonyesha kwamba kipande hicho kimetoka kromosomu ya 8. Ikathibitika kwamba limfoma hii hutokea pale maandishi ya ndani ya seli yanapokatwa na kuungwa pasipo pake.

Tiba nayo ilipitia kwetu. Miaka ya 1960, Kampala na Nairobi, Burkitt na Clifford hawakuwa na mashine za kutibu kwa mionzi, hivyo walijaribu dawa, ikiwemo siklofosfamidi. Kuna watoto waliopona kwa dozi chache tu, jambo ambalo madaktari wa Ulaya hawakulitarajia. Dawa ile ile ndiyo herufi C katika mchanganyiko wa R-CHOP aliokuwa amepangiwa mzee wetu. Herufi R ni rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, ambayo huzisaka seli B kwa alama iliyo juu ya ngozi yake. Seli za Daudi zina alama hiyo, na hutumiwa kujaribia dawa za aina hiyo.

Mzee aliposikia haya alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe huu ugonjwa umepita kwetu kabla ya kunifuata huku."

Kuona bila kupasua

Swali lililobaki ni la mionzi. Kila mwenye limfoma lazima ajulikane maradhi yamefika wapi. Mwaka 1971 madaktari walikubaliana mjini Ann Arbor, Marekani, juu ya daraja nne: tezi za mahali pamoja, mahali pawili au zaidi lakini upande mmoja wa kiwambo cha kupumulia, pande zote mbili, au maradhi yametapakaa nje ya tezi. Tatizo lilikuwa namna ya kujua. Burkitt alitegemea vidole vyake na picha za eksirei. Kwa limfoma ya Hodgkin, katika miaka ya 1960 na 1970, mgonjwa alipasuliwa tumbo na kutolewa wengu ili tu waone. Baadaye ikaja skani ya CT, lakini hiyo huonyesha umbo na ukubwa. Baada ya dawa, uvimbe unaweza kubaki kama kovu lisilo na uhai, na CT haiwezi kutofautisha kovu na maradhi. Nyumba mbili zikiwa na ukubwa mmoja, utajuaje ipi ina watu? Utatazama ipi inafuka moshi jikoni.

PET hutazama moshi huo. Tangu miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alikuwa ameonyesha kwamba seli za saratani hula sukari kwa pupa. Mwaka 1976 Tatsuo Ido na wenzake wa Brookhaven, Marekani, walitengeneza sukari iliyobebeshwa florini-18, na mwaka huo huo mtu wa kwanza akadungwa. Florini hii hutoa positroni, ambayo ni pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, aliyegunduliwa na Carl Anderson mwaka 1932. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na mahali pake hutoka miali miwili inayokimbia kwa kupeana mgongo. Mgonjwa hulala ndani ya pete ya vigunduzi. Vigunduzi viwili vinavyoelekeana vikipigwa kwa wakati mmoja, kompyuta huchora mstari kati yake. Mistari mamilioni ikikusanywa, hutokea ramani ya mahali sukari inapoliwa. Stockholm haikuwa nyuma katika kazi hii, ila miaka ya 1980 watu wa Karolinska walikuwa wakisifika zaidi kwa kuitumia kwenye ubongo kuliko kwenye saratani.

Mionzi yenyewe je? Hapa tulimfanyia mzee hesabu. Kila dakika 110, nusu ya florini hiyo hutoweka. Baada ya saa sita hubaki kama sehemu moja ya kumi, baada ya saa kumi na mbili sehemu moja ya mia, na nyingine hutoka kwa mkojo. Ndiyo sababu hospitali haiwezi kuiweka stoo. Hutengenezwa na saiklotroni asubuhi na kutumika siku hiyo hiyo. Kiasi cha mionzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho sievert, jina la Rolf Sievert, mtu wa hapa hapa Stockholm aliyeshughulikia usalama wa mionzi. Hatukumwambia kwamba haina madhara kabisa. Tulimwambia kwamba madhara yake ni madogo mno ukilinganisha na kutibiwa gizani.

Akafunga saa sita bila kula, maji tu, bila chai ya sukari. Alicheka kwamba kwa mtu wa Ramadhani huo si mfungo. Akadungwa, akalazwa kimya kama saa moja, akafunikwa blanketi. Blanketi lina maana yake: mwili ukisikia baridi, mafuta ya kahawia ya shingoni na mabegani huwaka ili kuupasha joto, nayo hula sukari na kumchanganya msoma picha. Ubongo, moyo na kibofu pia hung'aa kwa watu wote. Na jambo muhimu kwetu watu wa Afrika Mashariki: kifua kikuu na maambukizo mengine nayo hung'aa. PET peke yake haisemi "hii ni saratani". Kinyama kilichokatwa ndicho kinachosema. PET huonyesha mahali.

Baada ya dawa hurudiwa picha ile ile, na hutolewa alama 1 hadi 5 kwa mizani iliyoanzia kikao cha Deauville, Ufaransa, mwaka 2009. Mng'ao hulinganishwa na damu ya kifuani na ini. Alama 1 hadi 3 kwa kawaida ni habari njema. 4 na 5 zataka uchunguzi zaidi. Mwaka 2014 mizani hiyo ikaingizwa katika utaratibu wa Lugano unaofuatwa na madaktari wengi.

Deni

Ndugu zetu, jambo hili linatuuma. Maradhi haya yalitambuliwa Kampala, Jinja na Nairobi, kwa miili ya watoto wetu. Lakini ilichukua mpaka mwaka 2018 ndipo Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilipopata PET na saiklotroni yake. Baadaye ikafuata hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hapa Farsta mzee wetu alilipa ada ndogo ya mgonjwa, kodi ikamaliza mengine. Jamaa zake wa Tanga wangelazimika kuuza shamba. Tunapochangishana, kama kawaida yetu, kwa misiba na harusi, tukumbuke pia kwamba nauli ya mgonjwa wa kijijini kufika penye kipimo ni msaada unaohesabika.

Picha ya mwisho ya mzee ilitoka na alama 2. Hatukupiga vigelegele, maana wataalamu huendelea kufuatilia. Tulikunywa chai, safari hii yenye sukari. Akatuuliza: "Na yule Daudi, wapo wanaomwombea?" Hatukuwa na jibu, basi akainua mikono yake mwenyewe, nasi tukaitikia amina.

Kwa wasomaji: mwenye mtoki usiopungua baada ya wiki chache, au homa na jasho la usiku lisiloeleweka, au anayekonda bila sababu, asinunue skafu. Apige simu 1177, na aombe mkalimani, maana ni haki yake.