Familia ya hiari katika fantasia ya kimapenzi

Familia ya hiari ni kundi la wahusika wasio na undugu wa damu wanaoishi na kutunzana kama jamaa. Mtindo huu umeenea katika fantasia ya kimapenzi ya Kiingereza, hasa riwaya zilizotoka Marekani tangu miaka ya 2010.

Mfano mashuhuri ni *The House in the Cerulean Sea* ya TJ Klune (2020). Linus Baker, mtumishi wa serikali anayeishi na paka wake tu, anatumwa kisiwani kukagua makao ya watoto yatima wenye nguvu za ajabu. Watoto ni sita. Mmoja wao, mwenye miaka sita, ni mwana wa Shetani, na ndiye mcheshi kuliko wote. Linus anampenda mlezi wao, Arthur Parnassus, na kumpata Arthur ni kuwapata wote.

Hapo ndipo mvuto ulipo. Mapenzi ya wawili hujibu upweke nusu tu. Shujaa yatima au aliyefukuzwa kwao anahitaji pia wa kula nao, kugombana nao na kumtetea. Katika *Legends & Lattes* ya Travis Baldree (2022), mkahawa wa Viv, askari wa kukodiwa aliyestaafu, unapoungua, wenzake humsaidia kuujenga upya.

Wasomaji waliokataliwa na ndugu zao huuona mtindo huu kwa jicho la karibu zaidi. Mwanaanthropolojia Kath Weston alichunguza familia za aina hiyo miongoni mwa mashoga na wasagaji wa San Francisco katika kitabu cha 1991.