Mpira na Mstari

Kila mpaka una mambo mawili. Kwanza, hauna budi kujulikana ulipo. Pili, hana budi kuwapo mtu wa kushuhudia kama umevukwa. Historia ya mpira wa miguu yaonyesha kwamba jambo la kwanza lilipatikana mapema, lakini la pili limewataabisha watu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Sheria za kwanza za Chama cha Mpira cha Uingereza ziliandikwa London mwaka 1863. Siku zile mipaka ya uwanja ilionyeshwa kwa bendera. Lango lilikuwa miti miwili iliyosimamishwa kwa nafasi ya yadi 8, bila mwamba juu wala wavu nyuma. Mpira ulipotoka pembeni, haki ya kuurusha ilikuwa ya mchezaji aliyewahi kuugusa kwanza, awe wa upande wowote. Basi kutoka kwa mpira kulikuwa mwanzo wa mbio. Baadaye haki hiyo wakapewa wapinzani wa yule aliyeutoa, na mbio zile zikakoma. Katika miaka ya 1880 iliamriwa mistari ichorwe, na mwaka 1891 nyavu zikaanza kutumiwa ili kupunguza ubishi juu ya mabao.

Sheria iliyokomaa ni fupi. Mistari ni sehemu ya uwanja. Mpira haujatoka mpaka wote uwe umeuvuka mstari wote, ukiwa chini au hewani. Miguu ya mchezaji haihesabiwi katika jambo hili: aweza kusimama nje ya mstari akauchezea mpira ulio ndani, wala asiwe amekosa. Upana wa mpira ni karibu sentimita 22. Kwa hiyo mpira waweza kugusa majani ya nje, na huku ubavu wake ungali juu ya chokaa. Mpira huo haujatoka.

Maneno hayo ni mepesi kuyaandika, lakini ni mazito kuyaamulia. Tarehe 30 Julai, 1966, Uingereza na Ujerumani Magharibi zilikutana katika uwanja wa Wembley, London, kushindania Kombe la Dunia. Dakika 90 zilikwisha kwa sare ya mabao 2 kwa 2. Katika muda wa nyongeza Geoff Hurst aliupiga mpira ukagonga mwamba wa lango, ukashuka chini, ukaruka kurudi uwanjani, na mlinzi wa Kijerumani akauondoa kwa kichwa. Mwamuzi Gottfried Dienst wa Uswisi hakuwa na hakika. Akamwendea mshika kibendera wake, Tofiq Bahramov wa Azerbaijan, nchi iliyokuwa wakati ule katika Muungano wa Kisovieti. Bahramov akatoa ushahidi kwamba ni bao. Uingereza ikashinda kwa mabao 4 kwa 2. Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford walizipima picha za filamu ya siku ile, wakaona kwamba mpira haukuwa umevuka wote. Walakini kombe lilikuwa limekwisha kutolewa miaka 30 nyuma.

Tarehe 27 Juni, 2010, Uingereza ilipambana na Ujerumani tena katika Kombe la Dunia, safari hii mjini Bloemfontein, Afrika Kusini. Ujerumani ikiongoza kwa 2 kwa 1, Frank Lampard aliupiga mpira ukagonga mwamba na kuanguka ndani ya lango waziwazi. Watazamaji wengi waliona. Mwamuzi na msaidizi wake hawakuona. Bao likakataliwa, na Ujerumani ikashinda 4 kwa 1.

Mwaka 2012 wasimamizi wa sheria waliruhusu mitambo inayoutazama mstari wa lango na kumpelekea mwamuzi ishara katika saa yake ya mkononi. Ilitumika katika Kombe la Dunia la mwaka 2014 nchini Brazil. Tena, tarehe 1 Desemba, 2022, nchini Qatar, Kaoru Mitoma wa Japani aliuwahi mpira penye mstari wa mwisho akaurudisha, na Ao Tanaka akaifunga Hispania. Wengi waliapa kwamba mpira ulikuwa umetoka. Picha zikachunguzwa, ikaonekana kwamba ubavu wake ulikuwa ungali juu ya mstari. Japani ikashinda 2 kwa 1, na Ujerumani, iliyokuwa ikicheza katika uwanja mwingine usiku uleule, ikatolewa mashindanoni kwa matokeo hayo.

Tangu Wembley hadi Qatar sheria ilikuwa ni ileile. Kilichobadilika ni shahidi. Katika viwanja vingi vya shule zetu hakuna mitambo ya namna hiyo. Mshika kibendera aghalabu ni mwanafunzi mwenzenu, naye aweza kuwa mbali mpira unapofika mstarini. Mara nyingi aliye karibu zaidi ni mchezaji mwenyewe, na haki ya timu zote mbili hutegemea ukweli wa ulimi wake.